Bega Linauma Baada ya Kutolewa Mfuko wa Nyongo kwa Matundu: Mwongozo Kamili wa Kumlaza Mgonjwa

Mgonjwa katolewa mfuko wa nyongo kwa matundu madogo. Tumboni kuna plasta tatu au nne tu, hakuna kidonda kirefu, na ndugu wote wamefurahi. Jioni anainuka anywe uji, anakaa wima, halafu anashika bega la kulia na kukunja uso: "Tumbo halinisumbui kihivyo. Ni hili bega." Hapo ushauri unaanza kumiminika. Huyu anasema alilazwa vibaya kwenye meza ya upasuaji, yule anasema ni baridi ya kile chumba, na shangazi ameshafungua kopo la dawa ya kuchua.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya ndugu anayebaki na mgonjwa, awe wodini hospitali ya Bugando, juu ya kilima pale Mwanza, au chumbani kwao mtaa wa Nyakato siku ya pili. Ndugu huyo ndiye anayepanga mito usiku, naye ndiye anayeweza kupunguza au kuongeza maumivu haya bila kujua. Daktari hupita asubuhi, muuguzi wa zamu ana wagonjwa wengi, lakini wewe uko pale muda wote.

Kwanza elewa maumivu yanatoka wapi

Ili kamera ione vizuri ndani, tumbo hujazwa gesi ya kabonidioksaidi, lita kadhaa, kwa shinikizo ambalo kwa kawaida ni milimita 12 hadi 15 za zebaki. Gesi hiyo imechaguliwa kwa sababu mbili: haishiki moto, maana ndani kunatumika kifaa cha umeme cha kuunguza na kuziba mishipa, na inayeyuka haraka kwenye damu kisha inatoka kwa pumzi. Kazi ikiisha gesi huachiwa itoke kupitia matundu. Haitoki yote.

Inayobaki hukaa chini ya kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Kiwambo chenyewe kimeshanyooshwa na shinikizo, na gesi ikichanganyika na unyevu wa ndani inatengeneza asidi hafifu inayowasha utando wake. Neva inayobeba habari za kiwambo inaanzia shingoni, kwenye usawa wa neva ya 3, ya 4 na ya 5 za shingo. Ngozi ya juu ya bega nayo inahudumiwa na neva za usawa huohuo. Ubongo unapokea taarifa kutoka njia moja na kuzisoma kuwa ni za bega. Bega lenyewe ni zima kabisa.

Kwa nini mara nyingi ni la kulia? Wakati wa upasuaji huu meza huinuliwa upande wa kichwa na kulazwa kidogo kushoto, ili utumbo uteremke na mfuko wa nyongo uonekane chini ya ini. Kwa mkao huo gesi hupanda na kukusanyika juu ya ini, chini kabisa ya kiwambo cha kulia. Wapo wanaoumwa mabega yote mawili, na wachache la kushoto peke yake. La kushoto nitalirudia mbele, maana hilo halichukuliwi kijuujuu.

Mengine yote yanatokana na jambo moja: ndani ya tumbo, gesi hukimbilia sehemu iliyo juu kuliko zote. Umeshaona fundi ujenzi anavyotumia pima maji, jinsi kile kipovu kinavyohamia upande ulioinuka? Gesi ya tumboni nayo hufanya vivyo hivyo. Mgonjwa akikaa wima, sehemu ya juu ya tumbo ni kiwambo, na gesi inaenda kugonga palepale panapouma. Akilala chali bila kuinuliwa, sehemu ya juu inakuwa karibu na kitovu. Akilalia ubavu wa kushoto, gesi inahamia ubavu wa kulia. Makalio yakiwa juu kuliko kifua, inahamia nyonga. Ukilishika hili, hata ukisahau hatua zote zinazofuata utaweza kujipangia mwenyewe.

Tusidanganyane lakini: hakuna mkao unaoitoa gesi mwilini. Inatolewa na damu na mapafu, taratibu. Mkao unaihamisha tu isikae kwenye kiwambo wakati mwili unaimaliza. Maumivu huanza saa chache baada ya upasuaji au kesho yake, hukolea ndani ya siku moja au mbili, na kwa walio wengi siku ya 3 yameshapungua sana. Wachache hubaki nayo kwa mbali hadi wiki.

Kabla ya upasuaji: maswali ya kumuuliza daktari

Kama bado hajaingia chumba cha upasuaji, una nafasi nzuri kuliko zote. Muulize daktari mambo mawili, kwa heshima na bila kuogopa: je, gesi itaondolewaje mwishoni, na je, atatumia shinikizo la chini kama hali itaruhusu? Iko mbinu ambapo meza huinamishwa kichwa chini kabla matundu hayajafungwa, na mtaalamu wa usingizi anayajaza mapafu hewa mara chache, ili kiwambo kishuke na kuisukuma gesi nje. Inachukua dakika chache tu, na inapunguza maumivu ya bega kuliko lolote utakalofanya wewe wodini. Shinikizo la chini nalo husaidia, ila si kila tumbo linaruhusu, na uamuzi huo ni wa mpasuaji.

Kwenye kikapu chako weka mito mitatu (miwili laini na mmoja mgumu kidogo), khanga mbili au tatu, taulo, na chupa imara ya maji ya moto yenye kifuniko kisichovuja. Wodini mito ya ziada ni ya kubahatisha.

Hatua ya 1: Saa za mwanzo, usiguse

Mgonjwa akitoka chumba cha upasuaji bado ana dawa ya usingizi mwilini. Wauguzi wamemlaza jinsi walivyomlaza kwa sababu ya njia ya hewa, na mara nyingine wanamgeuza ubavu ili akitapika asipaliwe. Usimwinue, usimwongezee mto, usimteremshe kichwa. Kazi yako ni kumwangalia anavyopumua na kuita mtu akitapika, akikoroma kwa shida au rangi ya midomo ikibadilika.

Hatua zinazofuata zianze pale tu anapokuwa macho kabisa, anajibu kwa akili yake, hatapiki, na muuguzi amekubali abadilishwe mkao.

Hatua ya 2: Hakikisha ni maumivu ya gesi

Muulize anauma wapi hasa. Maumivu ya gesi hukaa juu ya bega, kwenye pembe, mara nyingine yakipanda shingoni au kushuka kwenye bawa la mgongo. Hayashuki mkononi hadi vidoleni. Kisha mwambie azungushe mkono taratibu na kuuinua. Bega lililoteguka litalalamika kwa kila mzunguko, ila hili la gesi halijali mkono unafanya nini. Linaumia zaidi akikaa, akisimama au akivuta pumzi ndefu, na linapoa akilala.

Hapo una kipimo rahisi: mlaze chali, kitanda kikiwa tambarare, kwa robo saa. Yakipungua, una kila sababu ya kuendelea na mwongozo huu. Yasipobadilika hata kidogo, mwambie muuguzi. Si lazima iwe hatari, lakini asikie.

Hatua ya 3: Ondoa mlima wa mito

Hapa ndipo upendo wa ndugu unapoumiza. Mila yetu ya kuuguza inasema mgonjwa ainuliwe: mito mitatu mgongoni, blanketi limekunjwa chini yake, kichwa juu "apumue vizuri". Kwa mgonjwa huyu, usiku wa kwanza, mlima huo unaipeleka gesi moja kwa moja kwenye kiwambo.

Bakiza mto mmoja mwembamba chini ya kichwa. Kama kitanda kina mkono wa kuzungusha, teremsha upande wa kichwa hadi kiwe tambarare. Mto mwingine weka chini ya magoti ili misuli ya tumbo ilegee na nyuzi zisivutwe. Mwache hivyo dakika 20 hadi 30. Wengi husikia nafuu kabla muda haujaisha, na wengine hulala usingizi papo hapo.

Na wageni! Saa ya kuwaona wagonjwa ikifika, mama anajua wakwe wako mlangoni, anajikokota akae wima awapokee kwa adabu. Anakaa saa nzima akiitikia shikamoo, na wakiondoka bega linawaka moto. Waambie wageni mapema kwamba daktari hajataka akae muda mrefu. Hakuna mkwe mwelewa atakayechukia kuitikiwa na mtu aliyelala.

Hatua ya 4: Ubavu wa kushoto

Kama kulala chali hakutoshi, au mgongo umechoka, mgeuze alalie ubavu wa kushoto. Mkao huu ndio ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu mgonjwa anaweza kuudumu hata usiku kucha na hauhitaji vifaa vya maana.

Mgeuze mwili mzima kwa pamoja, asijisokote kiunoni. Mwambie: "Mama, kunja magoti yote mawili, shika tumbo kwa mto huu, tunageuka pamoja." Weka mkono wako mmoja nyuma ya bega lake na mwingine nyuma ya nyonga, kisha mvute kuelekea kwako kwa mwendo mmoja. Akishageuka, mguu wa chini unyooke kiasi, wa juu ukunjwe goti likielekea kifuani, na mto mgumu ukae kati ya magoti. Khanga iliyokunjwa iwekwe chini ya tumbo kulishikilia, hasa kwa mwenye tumbo kubwa, vinginevyo uzito wake unavuta vidonda. Mkono wa juu ukumbatie mto, usining'inie mbele, maana ukining'inia unavuta bega na kuongeza maumivu mengine juu ya yaliyopo.

Huhitaji kumkataza ubavu wa kulia. Ni kwamba akilalia kulia, vidonda vingi viko upande huo na gesi inahamia kushoto, kwa hiyo wengi hawaupendi. Akisema kwake ndiko kwenye nafuu, mwache. Mwili wake unasema kweli kuliko karatasi yangu.

Hatua ya 5: Kuinua nyonga

Hii ni kwa maumivu yaliyokaidi hatua za juu. Kabla ya kuifanya, soma kwanza nani haruhusiwi, kwa sababu kumwinamisha mtu kichwa chini si jambo la kila mgonjwa. Usifanye kwa mwenye ugonjwa wa moyo au anayebanwa pumzi akilala, mwenye presha isiyodhibitiwa, aliyewahi kupata kiharusi karibuni, mwenye presha ya macho, mjamzito, mtu mnene sana anayekoroma na kukata pumzi usingizini, mwenye kiungulia kikali, wala anayesikia kichefuchefu. Hao wote wabaki na ubavu wa kushoto, na baadhi yao, hasa wa moyo na wa kukata pumzi, daktari atataka walale wakiwa wameinuliwa kichwa hata kama bega litauma. Kupumua kunatangulia bega.

Na isiwe ametoka kula. Subiri angalau saa moja.

Kwa aliye salama: alale chali, akunje magoti, ainue makalio kidogo kwa kusukuma na nyayo, nawe sukuma mto mgumu chini ya makalio. Mto mmoja unatosha, miwili ndiyo mwisho. Ondoa mto wa kichwa. Akae hivyo dakika 10 hadi 15, akivuta pumzi polepole kwa pua na kuiachia kwa mdomo. Kisha toa mto, abaki chali dakika chache kabla ya kuinuka, la sivyo kizunguzungu kitamwangusha. Unaweza kurudia mara tatu au nne kwa siku.

Vitanda vya wodini vyenye mkono wa pili vinaweza kuinuliwa upande wa miguu, lakini muuguzi ndiye afanye. Nyumbani kuna wanaoweka matofali chini ya miguu ya kitanda. Siyapendi. Kitanda cha mbao chenye mtu juu yake, kikiwekwa juu ya matofali kwenye sakafu isiyo sawa, ni ajali inayosubiri, na mto unafanya kazi ileile.

Hatua ya 6: Magoti na kifua, kuanzia siku ya pili

Mgonjwa anapiga magoti kitandani, anainama taratibu mpaka kifua na shavu vinalala juu ya mto, makalio yakibaki juu. Gesi inakimbilia nyonga na kiwambo kinapumua. Mkao huu una nguvu, ila unadai tumbo lililotulia na mtu anayejiweza. Siku ya kwanza usiufikirie. Kuanzia ya pili, kama vidonda havivuti, ajaribu dakika 2 au 3, asizidi 5, wewe ukiwa umesimama pembeni. Masharti ya nani haruhusiwi ni yaleyale ya hatua iliyotangulia, ukiongeza wenye magoti mabovu. Bibi wa miaka 70 mwenye baridi yabisi asisumbuliwe na sarakasi hizi.

Hatua ya 7: Kuinuka na kutembea

Ukisoma haraka hadi hapa unaweza kufikiri dawa ni kulala tu siku nzima. La! Anayelala bila kutembea anajitafutia damu kuganda miguuni, mapafu kujaa makohozi na utumbo kusinzia. Atembee siku ileile ya upasuaji kama wauguzi wanaruhusu, hata kama ni kutoka kitandani hadi dirishani kutazama ziwa na kurudi.

Kuinuka kwenyewe kuna namna. Asijivute mbele kutoka chali kama mtu anayefanya mazoezi ya tumbo. Ageuke kwanza ubavu, ateremshe miguu kando ya kitanda, kisha ajisukume kwa mkono huku mwingine ukibana mto tumboni. Akae ukingoni dakika moja au mbili. Ndipo asimame.

Bega litauma akisimama, mwambie hivyo kabla ili asiogope. Ratiba inayofaa ni kutembea kidogo mara nyingi, dakika 5 hadi 10, halafu arudi kulala chali au ubavu wa kushoto hadi lipoe. Akiwa macho, kila saa avute pumzi ndefu kama 10, taratibu, mto ukiwa umebanwa tumboni. Zinachoma kidogo mwanzoni, lakini ndizo zinazofungua mapafu.

Hapa nawakumbusha wenye selimundu (sikoseli), ambao Kanda ya Ziwa tunao wengi, na ambao hupata mawe ya nyongo wakiwa bado vijana, hata watoto, kwa sababu chembe zao za damu huvunjika haraka. Kwao maji ya kutosha, joto na hizo pumzi ndefu ni lazima. Na maumivu ya kifua kwa mtoto wa selimundu aliyetoka kupasuliwa hayapewi jina la gesi hadi daktari amwone.

Joto, kuchua na vidonge

Chupa ya maji ya moto, iliyofungwa kwenye taulo, iwekwe juu ya bega dakika 15 hadi 20, kisha iondolewe ngozi ipumzike. Haiondoi gesi, ila inalegeza misuli ya shingo na bega ambayo imejikaza kwa maumivu. Isiwekwe juu ya vidonda vya tumbo. Mwenye kisukari ambaye ngozi yake imepoteza hisia, jaribu joto hilo wewe kwanza kwenye mkono wako wa ndani. Na dawa ya kuchua ya shangazi, kama lazima itumike kwa ajili ya amani ya ukoo, isichanganywe na chupa ya moto, maana vikikutana ngozi inaungua.

Kuhusu vidonge, kosa kubwa ni kusubiri maumivu yawe makali ndipo unywe. Siku mbili za mwanzo mpe kwa saa, kama alivyoandikiwa. Parasetamoli kwa mtu mzima wa kilo 50 na zaidi ni vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24, na mwenye ugonjwa wa ini amuulize daktari kwanza. Angalia pia dawa za mafua za dukani, nyingi zina parasetamoli ndani, usije ukampa mara mbili. Aibuprofeni na daiklofenaki zinasaidia sana maumivu haya, lakini si kwa mwenye vidonda vya tumbo, figo dhaifu au pumu inayochochewa nazo. Zisubiri kauli ya daktari.

Soda, maharage na kabichi vinalaumiwa bure. Gesi ya chakula iko ndani ya utumbo, hii ya upasuaji iko nje yake, na hazikutani. Kwa sababu hiyohiyo, dawa za gesi za dukani, chai ya tangawizi na maji ya ndimu havifiki huko. Tangawizi inaweza kumtuliza kichefuchefu, mpe kama anaipenda. Lakini tumbo lililojaa upepo wa chakula linabana kiwambo kwa chini, kwa hiyo siku ya kwanza na ya pili uji, mchuzi mwepesi wa sato na ugali kidogo vinamtosha. Sangara wa kukaanga asubiri.

Dalili ambazo si za kulaza wala kusubiri

Mkao ni kwa maumivu ya gesi tu. Rudi hospitali, au ita muuguzi kama bado mko wodini, usiku au mchana, ukiona haya.

Ndani ya saa 24 za kwanza: bega linauma na wakati huohuo mgonjwa amepauka, mapigo yanaenda mbio, ana kizunguzungu au tumbo linazidi kujaa. Damu inayovuja ndani nayo huwasha kiwambo na kuuma begani, wakati mwingine la kushoto.

Siku za mbele: bega lililokuwa limepoa linaanza upya, au linazidi baada ya siku ya 3, pamoja na homa ya nyuzi 38 au zaidi, tumbo gumu linalouma kuguswa, kutapika kusikokoma, macho ya njano, mkojo wa rangi ya chai kavu au kinyesi cheupe. Nyongo inaweza kuwa inavuja au mrija wake umeziba. Hilo halina mto unaolitibu.

Wakati wowote: kubanwa kifua, jasho jembamba, maumivu yanayoshuka mkono wa kushoto au kupanda taya, hasa kwa mtu mzima mwenye presha au kisukari, ni moyo hadi ithibitike vinginevyo. Kukosa pumzi ghafla, au mguu mmoja kuvimba na kuuma, inaweza kuwa damu iliyoganda. Ngozi ya kifua au shingo ikivimba na kutoa mchakacho ukiibonyeza, ni gesi iliyoingia chini ya ngozi. Kwa kawaida hunywea yenyewe, ila mwonyeshe muuguzi.

Safari ya kurudi nyumbani

Wengi huruhusiwa kesho yake, yaani siku ileile bega liko kwenye kilele. Na hapa watu hawatoki karibu. Bugando inapokea wagonjwa wa kanda nzima, kuanzia Geita na Kagera hadi Mara na Simiyu. Kukaa wima saa tatu kwenye basi ndiyo kinyume cha kila nilichoandika juu.

Mpe kidonge saa moja kabla ya kuondoka. Kama mna gari la kukodi, kiti cha mbele kilazwe nyuma kadiri kinavyokwenda, mto mdogo uwe kati ya mkanda na tumbo. Au alale kiti cha nyuma kwa ubavu wa kushoto, mkiwa mmekubaliana na dereva aende taratibu, japo hapo anapoteza kinga ya mkanda, kwa hiyo mimi hupendelea kiti cha mbele kilicholazwa. Kwenye basi omba siti ya mbele au ya katikati, si juu ya matairi ya nyuma, na kila mnaposimama ashuke anyooshe miguu. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, wa Sengerema na Geita hawakai tena juani kwenye foleni ya kivuko, na hiyo ni nafuu kubwa kwa mgonjwa. Wa Ukerewe, ingieni melini mapema mpate benchi ambalo atajilaza. Wimbi likianza kumtia kichefuchefu, mgeuze ubavu na usimwinue nyonga.

Bodaboda, hapana. Bajaji kwa umbali mfupi na barabara nzuri, sawa. Kwa wanaoishi juu ya mawe, Mabatini au Igogo, ngazi za kupandia nyumbani hazimdhuru kama atapanda polepole, akipumzika kila anapochoka, mtu mmoja nyuma yake na mwingine amebeba mizigo. Akifika, alale chali nusu saa kabla ya salamu za majirani.

Ndoo ya maji ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Asiiguse hadi daktari amruhusu, na hilo kwa kawaida ni wiki kadhaa, si siku. Hivyohivyo kwa mama wa soko la samaki la Mwaloni anayezoea kubeba beseni la dagaa: bega likishapoa atajiona mzima kabla misuli ya tumbo haijashika, hasa kwenye tundu la kitovuni, ambapo henia hupenda kutokea.

Karatasi ya kuruhusiwa iwe mahali mtu yeyote nyumbani anaweza kuipata usiku. Kama mnaishi kisiwani, kabla ya kuondoka Mwanza ulizeni kituo gani cha karibu kina daktari usiku na usafiri wa majini unaopatikana giza likiingia, na muwe na namba ya simu ya wodi mliyolazwa.